Laptop ya kukunjwa: kabla jumuiya haijachanga



Kila inapokaribia siku ya mafrateri kurudi seminarini, parokia nyingi za huku kwetu chini ya Mlima Meru, kuanzia Usa River na Tengeru hadi Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, hufanya jambo jema. Jumuiya inakaa, WAWATA wanatoa chao, wazee wanaongeza, na fedha inayopatikana inanunua kitu cha kumsaidia kijana wao masomoni. Zamani ilikuwa sanduku, blanketi na viatu. Siku hizi ni laptop. Na laptop inayozidi kuletwa ni ile ndogo ya inchi 11 yenye kioo cha kugusa, ambayo unaikunja mpaka mgongo wa kioo unakutana na mgongo wa kibodi, ikawa kibao cha kusomea. Muuzaji anaifungua, anaigeuza, anaisimamisha kama hema juu ya kaunta, na mama aliyetumwa na jumuiya anatoa hela.

Hatumlaumu. Mashine inavutia, na ikiwa imetumika hupatikana chini ya laki tano, wakati mpya ya kukunjwa yenye nguvu ya kutosha hupita milioni moja kwa urahisi. Lakini fedha ile ni ya maziwa, ya ndizi na ya kahawa, imechangwa elfu mbili mbili na tano tano, na haitachangwa tena mwakani kwa kijana yuleyule. Ndiyo maana tunasema maoni yetu mapema: kwa frateri anayesoma falsafa au teolojia, laptop hii inafaa, ila si kila moja iliyopo dukani. Kwa ofisi ya parokia haifai, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Tuanze na asili yake. Nyingi zinazouzwa mjini Arusha, kwenye maduka ya kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine, ni za jamii moja hata kama majina yanatofautiana: HP ProBook x360 11 EE, Lenovo ThinkPad Yoga 11e, Dell Latitude 3190. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule, hasa za Marekani na Ulaya. Shule ikibadilisha vifaa vyake baada ya miaka michache, mashine zinauzwa kwa mafungu, zinapita kwa wafanyabiashara, na mwisho zinafika kwetu. Asili hiyo inaeleza uzuri wake na udhaifu wake. Zilijengwa zikiwazia mtoto atakayeiangusha na kuimwagia juisi, kwa hiyo kingo zake zina mpira, kioo chake ni kigumu, na bawaba zake ni nene kuliko za laptop nyingi za bei hiyo. Lakini pia zilijengwa kwa mtoto anayeandika insha na kufungua kurasa mbili tatu za intaneti. Prosesa yake ni ya daraja la chini, Celeron au Pentium, na haitageuka kuwa kitu kingine kwa sababu imevuka bahari.

Kuna faida moja ambayo muuzaji haitaji kwa sababu huenda haijui. Nyingi za jamii hii hazina feni. Prosesa ni ndogo na hupoa yenyewe. Anayeishi huku anajua maana yake. Meru ni volkano, mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910, na udongo wake ukikauka kati ya Julai na Oktoba unakuwa vumbi laini kama unga, linaloingia kwenye makabati yaliyofungwa. Laptop yenye feni hulivuta vumbi hilo saa zote inapowaka, na baada ya misimu miwili fundi anatoa ndani yake kitu kinachofanana na sweta. Isiyo na feni haina tatizo hilo. Tena ni kimya kabisa, na kwenye maktaba ya watu arobaini kimya hicho kina thamani. Vumbi litaingia kwenye bawaba, hilo haliepukiki, ila brashi ya rangi yenye manyoya laini inatosha kulipangusa.

Sasa kukunja kwenyewe, jambo linalofanya mashine hii iuzike. Je, kunasaidia? Tulichukua rula tukapima. Kioo cha inchi 11.6 kina upana wa sentimita kama 25 na nusu na kimo cha 14 na kidogo. Ukikigeuza wima ili usome kama kitabu, upana unaobaki ni hizo 14. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo ukurasa mzima wa A4 utapungua hadi kama theluthi mbili ya ukubwa wake. Herufi ya ukubwa wa 12 itasomeka kama ya 8. Kijana wa miaka 22 atavumilia. Paroko wa miaka 60 atatafuta miwani. Lakini vitabu vingi vya masomo, pamoja na vitabu vya sala, havichapwi kwa A4. Hukaribia A5, yenye upana wa sentimita 14.8, na hivyo hukaa kwenye kioo hicho karibu kwa ukubwa wao halisi. Hapo ndipo mashine hii inaonyesha faida. Frateri mwenye vitabu hamsini vya PDF anaweza kuvisoma mezani kwa mkao wa kitabu, bila kibodi kumkaa mbele.

Tumesema mezani. Laptop hizi zina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na hakuna anayeweza kushika kilo moja na nusu kwa mkono mmoja kwa muda wa somo zima. Wala usitarajie kusomea nje chini ya mjakaranda. Mwanga wa skrini ni hafifu na kioo kinang'aa, kwa hiyo mchana utauona uso wako vizuri kuliko maandishi.

Mtu aliyefaidika kweli na kukunja, kwa tulivyoona, ni mpiga kinanda. Anaisimamisha laptop juu ya kinanda, nota zikiwa kwenye kioo, na ukurasa unageuka kwa kuguswa mara moja. Hakuna karatasi inayopeperushwa na upepo wa mlangoni katikati ya Utukufu. Nota zenyewe nyingi za kwaya zetu siku hizi huandikwa kwa kompyuta. Finale, iliyozoeleka kwa watunzi wengi, ilitangazwa na wenyewe Agosti 2024 kwamba haiendelezwi tena. MuseScore ni ya bure na wimbo wa sauti nne unaandikika kwenye mashine hizi bila shida. Kwa hiyo kama kijana wenu ni mtu wa kwaya, hilo peke yake ni hoja nzito ya kumnunulia hii badala ya laptop ya kawaida.

Na kanisani? Tunajua kuna ndugu wanaosali Masifu kwenye kioo, na hatuna neno juu ya sala zao. Lakini tukiwa kikanisani kama jumuiya, tunapendelea kitabu. Sababu yetu ni ya kawaida kabisa: kitabu hakipokei ujumbe wa WhatsApp. Kwa altare jambo ni zito zaidi. Maaskofu wa New Zealand mwaka 2012 waliwaambia mapadre wao kwamba vifaa vya namna hiyo visichukue nafasi ya Misale katika liturujia, na tunadhani walifikiri vizuri. Kusimamia sauti ya kwaya ni kazi nyingine.

Turudi dukani, maana huko ndiko hela inakopotea. Jambo la kwanza la kutazama ni namba ya prosesa, na hapa kuna mtego. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kama ilivyokuwa. Mtumiaji wa nyumbani anayejiandikisha amepewa muda wa ziada mpaka Oktoba 2026. Windows 11 haikubali rasmi prosesa za zamani. Celeron N3350 na N3450 hazimo. Celeron N4000, N4020, N4100 na N4120 zimo, pamoja na Pentium N5000 na N5030. Lakini Pentium N4200, ambayo kwa namba inaonekana kubwa kuliko N4100, ni ya kizazi cha nyuma na haimo. Muuzaji atakwambia kwa moyo mweupe kwamba Pentium ni bora kuliko Celeron na 4200 ni zaidi ya 4100. Hadanganyi, anahesabu tu. Pia atakuonyesha Windows 11 ikiwa tayari inafanya kazi kwenye N3350, kwa sababu mafundi wana njia ya kuilazimisha. Itawaka. Ila mashine iliyolazimishwa haina uhakika wa kupokea masasisho ya usalama siku za mbele, na anayebaki na wasiwasi huo ni mnunuzi.

Asiyetaka mambo ya Windows anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na haina ubaguzi kwa prosesa hizi, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Kwa Kiswahili jambo hili lina historia kidogo: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kwenye menyu zake zote. Vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Jambo la pili ni memori na hifadhi. RAM ya GB 4 inatosha kuandika karatasi ya semina yenye tanbihi mia, ilimradi usifungue pembeni yake kurasa kumi za intaneti na kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa chenye MB 200. Ukifungua, utasubiri. Tunashauri GB 8. Katika baadhi ya mashine RAM imeunganishwa ubaoni moja kwa moja na haiongezwi, kwa hiyo usikubali ahadi ya "utakuja kuongeza" kabla fundi hajakuonyesha pa kuongezea. Hifadhi vilevile. Zipo zenye eMMC ya GB 64, ambayo nayo imegandishwa ubaoni. Windows ikishakaa na programu zake, kinachobaki hujazwa na video tatu za upadirisho. Tafuta yenye SSD ya GB 128 au zaidi.

Jambo la tatu ni betri, na hapa huhitaji kumwamini mtu. Windows ina amri iitwayo powercfg /batteryreport. Inatoa ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na ujazo gani na sasa inashika kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni nusu ya saa zilizoandikwa kwenye boksi, na bei ishuke. Betri hizi zimefungwa ndani, si za kuchomoa, kwa hiyo kubadilisha ni kazi ya fundi na pesa nyingine. Umeme wetu mnaujua. Laptop yenye betri ya saa mbili, siku umeme unapokatika saa moja jioni kabla ya mtihani wa Kigiriki, ni sahani ya chai.

Nimalizie na mtego mbaya kuliko yote, ambao hauonekani kwa macho. Kwa kuwa mashine hizi zilikuwa za shule, nyingine bado "zimefungwa" na shule ile ya mbali. Ukiwasha dukani inafanya kazi. Miezi sita baadaye frateri anaisafisha upya, anaiunganisha na intaneti, na kwenye kioo linatokea jina la shule fulani ya Marekani likimtaka aweke anwani na nywila ya mwanafunzi. Hana. Fundi anaweza kuipitisha au asiweze, na hata akiweza, swali linabaki: je, shule iliiuza kweli, au ilitoka kwa mlango wa nyuma? Mseminari hapaswi kubaki na swali hilo begani. Njia ya kulijua ni moja: mwombe muuzaji airudishe mashine ilivyotoka kiwandani mbele yako na aiunganishe na intaneti ya simu yako, bando likiwa lako. Inachukua saa nzima wakati mwingine. Kaa usubiri. Angalia pia kama kuna nywila inayozuia kuingia kwenye BIOS. Na hakikisha si Chromebook, kwa maana zipo zenye sura ileile kabisa na bei ya chini zaidi. Chromebook si kifaa kibaya, na Google mwaka 2023 waliahidi masasisho ya miaka kumi, lakini haipokei programu za Windows, inategemea intaneti kwa mengi, na ikiwa bado imesajiliwa kwa shule yake hairuhusu mgeni.

Watasema wengine kwamba tunakuza jambo. Laptop ni laptop, kijana ataandika, yatosha. Tunawakumbusha kwamba eneo letu la Afrika Mashariki limeshaona kompyuta ya bei nafuu ya kukunjwa kabla ya hizi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alileta kwa ulimwengu wazo la kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Ilipotoka, iliyoitwa XO, ilikuwa na kioo kinachozungushwa na kulala juu ya kibodi kama kibao, na kioo hicho kilisomeka juani, jambo ambalo hizi za sasa hazijaweza. Bei haikufika dola 100, ilikaribia 200. Rwanda ilizichukua kwa wingi kuliko nchi yoyote ya jirani, zaidi ya laki mbili. Shida iliyozisumbua popote zilikopelekwa haikuwa kioo. Ilikuwa mwalimu asiyeandaliwa, chaja iliyokufa, na umeme usiofika darasani. Kwa hiyo jumuiya ikichanga, isichange bei ya mashine tu. Ibakize ya mkoba imara, ya flashi mbili za kuhifadhia nakala, na ya fundi wa kwanza. Nyingi za laptop hizi hutumia chaja ya wati 45; ya pili ya ziada si anasa.

Kuhusu ofisi ya parokia tumesema hapana, na sababu si kioo kidogo peke yake, ingawa katibu anayeandika orodha ya wakipaimara 180 kwenye inchi 11 anastahili pole. Sababu kubwa ni taarifa zilizomo. Ofisini kuna majina ya wazazi, faili za ndoa, namba za simu, michango ya watu. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na parokia haiko nje ya nchi. Mashine isiyopokea masasisho ya usalama, iliyonunuliwa bila kujulikana ilikotoka, si mahali pa kuweka mambo hayo. Kwa hela ileile au kuzidi kidogo unapata laptop ya kawaida ya ofisini iliyotumika, isiyokunjwa, ya inchi 14, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane na RAM ya GB 8. Haisimami kama hema. Katibu hahitaji hema. Rejesta za Sakramenti zinaendelea kuwa vitabu vyenyewe, kama Sheria ya Kanisa inavyotaka katika kanuni ya 535, na kompyuta inakuwa msaidizi wa kutafuta tu.

Lipo pia swali la umaskini wa roho, ambalo mlezi mmoja alituuliza tukiwa tunaandaa makala hii: kwa nini mseminari apewe kifaa cha kisasa wakati wadogo zake nyumbani hawana daftari? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mashine iliyotumika, ikikaguliwa vizuri na kutunzwa miaka minne zaidi, ina heshima yake. Papa Fransisko katika Laudato Si' mwaka 2015 alilalamikia mazoea ya kutumia na kutupa, na laptop hizi zingeweza kuwa zimetupwa tayari. Lakini jibu hilo linasimama kama tu mashine inafanya kazi. Laptop mbovu iliyonunuliwa rahisi inafika jalalani miezi minane baadaye, sasa ikiwa jalala la kwetu badala ya la kwao. Tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki zisivuke mipaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Hakuna mkataba unaomzuia muumini wa Sakina kuinunua taka hiyo kwa hiari yake akidhani ni zawadi.

Basi kabla ya kwenda mjini, mpigieni simu frateri mwenyewe. Huenda nyumba yake ya malezi ina taratibu kuhusu vifaa hivi, huenda ana kaka anayempa laptop ya zamani, huenda anachohitaji ni vitabu. Akisema ni laptop, nendeni wawili, mmoja awe kijana anayejua, nendeni asubuhi, na simu yenye bando. Dai risiti ya EFD na maandishi ya muda wa majaribio, hata kama ni wiki mbili. Na mwenye duka akikataa kukuacha uikunje, uifunge, uisafishe upya na kukaa nayo saa nzima, mshukuru na uvuke barabara. Upande wa pili kuna duka lingine.